Shangazi wa Ijumaa

Shangazi hakuwahi kunionyesha jengo refu hata moja. Wageni wengi wakifika Doha hupelekwa kwanza ufukweni, wasimame wameipa minara mgongo, wapigwe picha ya kutumwa nyumbani. Yeye alipita hapo amegeuza uso upande wa pili, kama mtu aliyekosana na mwenye nyumba. Minara, alisema, inaonekana hata na aliyelala kitandani, sasa ya nini kuifuata kwa miguu? Ukimwambia unataka kuuona mji, alikutazama kwanza viatu.

Jina lake nalijua ila sitaliandika, maana hakupenda kutajwatajwa. Sote tulimwita Shangazi, sisi Wakenya, Waganda, Watanzania wenzake, hata Mnepali mmoja ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa neno hilo na "chai". Alikuwa mpishi katika nyumba ya watu wenye nazo, na kabla ya kuingia jikoni alikuwa yaya wa watoto wa nyumba hiyohiyo. Alitoka Tanga. Ya ukoo wake sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Alikuwa mwembamba, buibui limepauka mabegani kwa jua, na chini ya buibui amevaa raba za kiume. Alitembea haraka mno. Vijana waliozoea kubeba zege walimwomba apunguze mwendo, naye akawajibu kwamba ana mji mzima wa kuumaliza na siku moja tu ya kuumalizia.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Familia ya mwajiri wake ilikwenda kula mchana kwa babu yao, kwa hiyo jiko lilifungwa tangu asubuhi hadi karibu na magharibi. Saa hizo ndizo alizokuwa wetu.

Nilimjua nikiwa askari wa lango. Kampuni iliyonileta ilinipanga kwenye bustani moja yenye nyasi na bembea, na kazi yangu kila Ijumaa ilikuwa kuzuia wanaume. Ijumaa ilikuwa siku ya familia. Mwanaume aliyekuja peke yake au na wanaume wenzake aliitwa bachela, hata kama kwao ameacha mke na watoto saba, na bachela hakuingia. Mimi mwenyewe nikivua sare nisingeruhusiwa kuingia bustani niliyoilinda. Niliwarudisha watu wazima waliovaa mashati waliyoyapiga pasi kwa ajili ya siku hiyo, wakaenda kukaa ukingoni mwa barabara na soda zao. Ilikuwa kazi ya kuudhi na niliifanya vizuri.

Ijumaa moja akaja mwanamke mweusi na wanaume wanne nyuma yake. Mmoja alikuwa Kato, Mganda mrefu kama mlingoti, mmoja Mtanzania, mmoja Mkenya mwenzangu, na wa mwisho yule Mnepali. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kazi kama hawa ni familia. Akanipima kuanzia kofia mpaka buti.

"Shikamoo huijui?"

Kwetu Busia shikamoo tuliisikia redioni tu, lakini nilijikuta naamkia kama mtoto wa shule. Akaitikia marahaba, akasema wote hao ni wanawe. Nikamwonyesha Mnepali kwa kidole, nikauliza, na huyu?

"Huyo amefanana na babake," alisema, bila kutabasamu.

Nikawafungulia. Msimamizi wangu angeniona ningepandishwa ndege wiki hiyo, lakini niliwafungulia, na jioni wakitoka aliniachia visheti ndani ya karatasi, akasema siku nikipata mapumziko na mimi ni mwanawe. Baadaye nilikuja kujua kwamba ilikuwa desturi. Katika mabweni ya vijana kule Al Mansoura watu walikuwa wakiulizana tangu Jumatano, Ijumaa hii nani yuko na Shangazi? Walimwazima kwa zamu. Akiwa mbele, wanaume watano wasiojuana waligeuka kuwa ndugu, wakaingia bustanini, kwenye maduka makubwa, popote palipoandikwa familia tu.

Kisha akachoka na malango. Alisema mji una sehemu nyingi ambazo hakuna anayezilinda kwa sababu hakuna anayezitaka, na huko ndiko atakakotupeleka. Kato aliendesha gari la dobi, lile la kusambaza mashuka ya hoteli, na bosi wake alimwachia Ijumaa; nami nikaomba mapumziko yangu yawe siku hiyo. Tukawa tunapanda nyuma, tunakalia mafurushi ya mashuka, tunanukia sabuni, tusione njia mpaka mlango ufunguliwe. Ndivyo nilivyoijua Qatar. Mlango ulifunguka na mahali pakawa hapo.

Alitupeleka soko la mifugo, ambako mbuzi walioshushwa kutoka Somalia na Sudan walikuwa bado wanayumba. Aliwasalimia kwa Kiswahili, mmoja mmoja, akawapa pole ya safari na kuwauliza walivyoacha huko. Wauzaji walimzoea. Alitupeleka kijiji cha wavuvi kilichohamwa huko kaskazini, kuta za udongo na matumbawe zimebaki kiunoni, msikiti una mnara lakini hauna paa. Humo aliswali, sisi tukamsubiri nje, Kato na mimi Wakristo tukiwa tumevua kofia.

Na kuna majabali. Huko kaskazini kuna mwamba mpana uliochongwa vishimo na watu wa kale, na baadhi ya vishimo vimepangwa safu mbili. Shangazi alivitazama mara moja akasema ni bao, nusu ya bao, aliyelichonga alichoka katikati. Nikamwambia si nusu ya chochote, huo ni mchezo kamili, kwetu unaitwa ajua na una safu mbilimbili hivyohivyo. Kato akasema nyote hamjui, huu ni mweso wa kwao, ila wamesahau sehemu. Tulibishana mpaka jua likatuunguza shingo. Mwishowe tukaokota kokoto tukacheza, kila mtu kwa sheria za kwao. Shangazi alikuwa mchezaji mbaya na mwizi. Mwanamke ambaye hakukosa swala hata moja, na aliyemuuliza muuza samaki maswali mpaka akakasirika ili ajue kama mizani yake ni ya haki, alificha kokoto ndani ya mkono wa buibui na akikamatwa alisema zimeingia zenyewe.

Alikuwa hivyo. Alimwonea huruma mbuzi, lakini msichana mgeni akilia mbele yake kwa kukumbuka kwao, alimwambia akanawe uso. Aliogopa lifti. Alikataa kupigwa picha. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, cha vitunguu na sufuria, na kwa hicho alisimamisha wazee wa Kiqatari barabarani na kuwauliza hapa zamani palikuwa nini. Wengi walimjibu, na wachache walimkaribisha kahawa. Hakumwamini mtu aliyesema anaipenda Doha, wala aliyesema anaichukia.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba matembezi yale hayakuwa yetu. Tukifika mahali papya alitafuta kivuli, akakaa, akainuka, akajaribu upande mwingine. Kisha akasema, hapa Zuhura atakaa. Hapa nitamnunulia chai. Hapa tusije mchana, atapata kipandauso. Zuhura alikuwa binti yake, mtoto pekee, aliyemwacha kwa bibi yake kabla hajaanza shule. Kila alipokwenda likizo mtoto alijificha nyuma ya bibi, na alipokuwa mkubwa wa kutojificha alisalimia kwa adabu akatoka nje. Bibi ndiye aliyeitwa mama. Shangazi kwenye simu alijibiwa "haya" na "sawa", bila kuitwa chochote.

Siku moja, ndani ya gari la dobi, aliniambia waziwazi.

"Nataka aone nilikuwa wapi. Yeye anajua mama yake yuko Uarabuni, basi, kama aliyetumbukia shimoni. Akipaona, atajua nilikuwa mtu. Hatasema nilimtupa."

Nilimwambia atakuja tu. Lakini wapi na wapi, mpishi wa nyumbani kumwombea mtu viza ya kutembea? Alijaribu kwa mwajiri wake mara kadhaa, wakamwambia mwakani. Na mji haukuwa unamsubiri. Tulipoanza, Lusail, kaskazini mwa Doha, ilikuwa mchanga na mashimo ya kaa, naye alikuwa amechagua pwani yake moja ambapo maji hayafiki magotini. Ijumaa moja mlango wa gari ulifunguka tukaona kreni zimesimama mpaka macho yanapochoka. Alisema turudi. Njia nzima hakufungua chupa ya chai.

Ila kilichomwuma zaidi kilikuwa Musheireb, ule mtaa wa zamani katikati ya mji, wa mafundi cherehani, vinyozi na vyumba vya kulala watu kumi. Humo alikuwa na mkahawa wake, meza tatu nje, mwenyewe Mhindi kutoka Kerala aliyempa kikombe cha kioo badala ya karatasi. Tulifika tukakuta wamezungushia mabati. Tulichungulia kwenye upenyo. Nyumba ilikuwa imekatwa katikati, na ghorofani bafu la mtu lilikuwa wazi hewani, vigae vya waridi, kioo bado kimening'inia ukutani. Shangazi aliegemea mabati akalia. Huyu aliyewaambia wenzake wakanawe uso alilia mpaka Kato akaenda kumnunulia maji. Alichosema ni kwamba alikuwa amempangia Zuhura kukaa meza ya pembeni.

Alifuta mahali pale kichwani, akatafuta pengine. Alifanya hivyo miaka na miaka. Kato alirudi kwao. Mnepali alirudi kwao, na habari zilizotufikia baadaye hazikuwa nzuri. Mimi nikaacha ulinzi, nikapata leseni, nikawa dereva wa gari la kukodi. Shangazi alibaki katika nyumba ileile. Nilimsikia akikohoa kwa sababu ya mafuta ya kukaangia, na kasi yake ikapungua. Ijumaa nyingine tulikwenda mimi na yeye tu, na tulikaa zaidi kuliko tulivyotembea.

Kisha akanipigia simu, sauti imempanda. Zuhura amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uturuki. Ndege yake inapitia Doha, na siku hizo abiria wa kupita walikuwa wanaruhusiwa kutoka uwanjani. Angefika asubuhi na kuondoka jioni. Na siku ilikuwa Ijumaa. Aliniuliza kama gari langu lina kiyoyozi kizuri.

Tulimsubiri pamoja pale wanapotokea abiria. Shangazi alikuwa amevaa buibui jipya na zile raba. Zuhura alipotoka nilimtambua kwa mwendo, alitembea haraka. Msichana mzuri, mpole, amejitanda mtandio wake vizuri. Alibusu mkono wa mama yake kama anavyobusiwa mgeni wa heshima, akaniamkia, akakaa kiti cha nyuma. Shangazi akakaa naye, na kati yao akaweka kikapu cha visheti na chupa ya chai.

Tukaenda kaskazini. Njiani Shangazi alisema bila kupumua, pale palikuwa hivi, hapa palikuwa vile, na Zuhura akasema "haya". Tulifika majabali. Alimwonyesha vishimo, akamweleza habari ya Kato na kokoto, akacheka peke yake. Zuhura aliinama akavitazama kwa adabu ileile. Tukaenda kwenye mikoko karibu na Al Khor, mikoko mifupi iliyodumaa kwa chumvi. Shangazi alivua raba akaingia matopeni, akamwita aje anuse, harufu ni ya kwao kabisa. Zuhura alisimama ukingoni na viatu vyake vyeupe. Alisema anaisikia kutoka hapo.

Niliumia kwa niaba ya mama yake. Nilikuwa na hasira na yule msichana, nikijua sina haki nayo. Tulipokula visheti ndani ya gari, Zuhura alishika kimoja bila kukiuma, akatazama nje.

"Haya maeneo ni mazuri," alisema. "Lakini huku ulikuwa unakuja Ijumaa. Mimi nataka kuona unapolala."

Shangazi akafunga chupa ya chai, akaikaza, akaikaza tena. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyepaona. Alisema wenye nyumba hawaruhusu wageni. Zuhura akasema basi waone hata ukuta. Nikawatazama kwenye kioo, nikasubiri kuambiwa. Mwishowe Shangazi aliniambia niwapeleke.

Nilisimamisha gari upande wa pili wa barabara, mbele ya lango la chuma. Shangazi alionyesha kwa kidole dirisha dogo juu ya kiyoyozi, kwenye kibanda cha uani kilichogusana na chumba cha kufulia. Ndipo hapo, alisema. Zuhura alishuka akasimama kutazama. Hapo lango likafunguka. Wenye nyumba walikuwa wamerudi mapema, na binti yao alitoka, wa rika la Zuhura hasa, abaya nyeusi na simu mkononi. Alipomwona Shangazi garini akavuka barabara anakimbia.

"Mama, mbona umekaa juani?" alisema. "Umekula?"

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa cha Tanga, chenye lafudhi yake, hakuna alichokosea. Aliinama dirishani akaniamkia shikamoo. Kisha akamwona msichana aliyesimama nje, akamtazama, akamtazama Shangazi, na uso wake ukachanua. Alimshika Zuhura mikono yote miwili. Wewe ndiye Zuhura, alimwambia, mimi nakujua tangu mdogo, njoo nikuonyeshe. Alikuwa na furaha ya kweli, sikuona ubaya wowote kwake, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kutazama.

Zuhura alimgeukia mama yake. Shangazi alitikisa kichwa kukubali, lakini hakushuka.

"Nendeni tu," alisema.

Wakaingia. Tulibaki wawili ndani ya gari na kiyoyozi kinavuma. Aliyekuwa ametuonyesha nchi nzima alikaa amebana mikono magotini huku mtu mwingine akimwonyesha mwanawe. Alisema, si kwangu hasa, kwamba leo ametoka kwa haraka na hakutandika kitanda.

Walikawia. Zuhura alipotoka alikuwa peke yake. Alifungua mlango, akakaa, akakiondoa kikapu kati yao akakiweka miguuni.

"Anasema alikuwa akilala pale na wewe, upande wa ukutani, mpaka akawa mkubwa."

"Ndiyo," Shangazi alisema.

"Anasema ulikuwa unamwimbia. Amenikumbusha nyimbo zenyewe."

"Nikimlaza yeye nilikuwa nakulaza wewe. Wallahi, Zuhura. Kila siku."

Nilifikiri Zuhura amekasirika, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na ukali.

"Mimi nilikuwa silali, mama. Ulikuwa ukipiga simu, bibi anakuambia nimeshalala. Nilikuwa macho. Nilikuwa nasikiliza uniulizie tena, ukawa unasema basi, mwache apumzike."

Shangazi alimtazama, mdomo wazi kidogo. Alinyoosha mkono akamgusa binti yake shavuni kwa upande wa nyuma wa vidole, na Zuhura akauacha mkono ule ukae hapo. Hivyo tukaenda mpaka uwanjani. Walikumbatiana mbele ya milango ya kioo, tena kwa muda mrefu, watu na masanduku yao wakiwazunguka. Kisha msichana akaingia na ule mwendo wake wa haraka.

Nilimwuliza Shangazi kama twende mahali, popote, kabla ya magharibi. Nilimtajia mikoko. Nilimtajia soko la mbuzi. Alikaa kiti cha mbele, akavuta mkanda, akahangaika kuufunga mpaka nikamsaidia.

"Nirudishe," alisema. "Wanakula saa moja, na sijaloweka mchele."